Magazini Mbili, Calumet

Baba mdogo Eino alikuwa akiimwaga kila Jumapili,
baada ya kanisa, kabla ya sauna,
risasi saba juu ya kitambaa cha meza,
akizipanga kama muuza duka anayetoa chenji.
"Ipumzike," alisema. "Hata farasi wa mgodini
alivuliwa lijamu usiku."
Na usiku uleule akaishindilia tena, zote saba,
dole gumba limemwiva.

Baba hakuimwaga hata siku moja.
Yake ilikaa ndani ya kopo la kahawa,
rafu ya juu, nyuma ya unga wa shayiri,
tangu mwaka aliorudi kutoka Luzoni
hadi mwaka tuliomzika, theluji imefika madirishani
na wachimba kaburi wanakoka moto kulainisha ardhi.
Miaka arobaini na mitatu.
"Chuma," alisema, "hakichoki kwa kukaa."

Walibishana hivyo, watoto wa tumbo moja,
kahawa ikipoa, maneno yaleyale,
mpaka mama akasema watamzeesha yeye
kabla ya hiyo springi.

Sasa wote wawili wamelala Lakeview, safu moja,
na mimi ndiye mwenye kopo.
Nikazipeleka kwa Trevarrow,
ambaye babu yake alitoka Kornwali kufuata shaba
na ambaye hufungua duka akijisikia.
Akazitoa risasi kwanza.
Za Eino, saba.
Za baba, sita.
Akageuza magazini, akaitikisa, akachungulia ndani.
Sita.

Hakusema kitu. Akazichomoa springi,
akazilaza sambamba juu ya gazeti,
akapima kwa kalipa, akapima tena,
amekunja uso kama aliyepewa deni la jirani.
"Hii ya kopo ilifupika kidogo mwanzoni,
wiki ya kwanza, labda mwezi. Kisha ikatulia.
Kubanwa si kazi. Kazi ni kwenda na kurudi.
Hii nyingine imekwenda na kurudi mara ngapi?"
Nikaanza hesabu, Jumapili hamsini na mbili
mara miaka yote ile, nikaachia elfu mbili na ushei.
"Ndiyo hiyo. Imepungua unene wa ukucha.
Lakini bado inasukuma. Zote zinasukuma.
Ogopa kutu. Ogopa midomo ya magazini ikipinda."

Nikacheka, ndani kwa ndani, kwa ajili ya baba:
aliyeihurumia ndiye aliyeichosha.
Trevarrow akaninyang'anya hata hicho.
"Ila ya mzee wako," akasema, akifuta mafuta vidoleni,
"ilikuwa na nafasi ya risasi moja ya kupumulia.
Siwezi kukuapia."

Tulizijaribu kwenye shimo la changarawe,
upepo wa ziwa ukitupiga shingoni.
Za baba: ya kwanza ikalia, ya pili ikalia,
ya tatu, pini ikagonga, kimya.
Tukangoja, mtutu umeelekea ukingoni,
sekunde thelathini za kutazamana na theluji.
Springi ilikuwa imeileta mpaka mahali pake.
Fataki ndiyo iliyokufa ikingoja.
Nne, tano, sita, zikapanda moja baada ya nyingine
kama watoto wanaoitwa majina darasani,
na baada ya sita bastola ikabaki wazi,
moshi mwembamba ukitoka pale
ambapo ya saba ingekuwa imelala chini kabisa.

Jioni nikamkuta mama akimenya viazi.
Nikamwambia za kwenda na kurudi, za ukucha,
nikamwambia Eino alikosea, au karibu akosee.
Akaitikia kwa kisu.
Kisha nikauliza ile ya saba iko wapi.

"Nani alikuambia zilikuwa saba?
Alirudi nayo hivyo."
Ganda likaendelea kuanguka, refu, halikukatika.
Halafu akaniuliza kama nimekumbuka unga,
maana kule rafu ya juu, alisema,
sasa kumebaki peupe.